Baiti ya 508: Tarikh ya Kuamshwa kwa Linux

Kompyuta ikizimwa husahau kila ilichokuwa ikikijua. Kumbukumbu yake ya kazi, ile ambamo programu huishi na hesabu hufanyika, haihifadhi kitu pasipo umeme. Na umeme ukirudi, mashine huamka mfano wa mtu aliyezaliwa saa ile ile, mwenye viungo kamili na nguvu tele, lakini asiyejua jina lake wala kazi inayomngoja. Hapo ndipo ulipozuka mushkeli uliowashughulisha mafundi tangu mashine hizi zilipokuwa na ukubwa wa chumba kizima: ili programu ipakiwe kutoka katika diski au utepe, lazima iwepo programu ya kuipakia, na hiyo ya kupakia nayo ni programu, haina budi kupakiwa na nyingine iliyoitangulia. Wamarekani waliifananisha hali hii na mtu anayetaka kujiinua kutoka ardhini kwa kuzivuta kanda za buti zake mwenyewe, na katika mfano huo wakapata neno lao la kuwasha kompyuta, ambalo mafundi wetu wa mjini wamelilainisha wakasema kubuti. Tarikh ninayotaka kuieleza hapa ni ya jambo hilo dogo, la sekunde chache ambazo watu wengi huzipitisha wakitazama pembeni. Nami nalieleza kwa sababu naamini kwamba anayezitawala sekunde hizo ndiye mwenye mashine kwa hakika, na kwamba Linux ilistahili mapenzi ya watu wake, pamoja na sababu nyingine, kwa kuziweka sekunde hizo mikononi mwa yeyote aliyekuwa na subira ya kujifunza.

Hapo kale mwenye mashine alizitawala kwa vidole vyake. Aliyenunua Altair 8800, kompyuta iliyotoka Albuquerque nchini Marekani mwaka 1975, aliketi mbele ya safu ya swichi na taa ndogo, akapanga swichi nane kwa kila baiti, akaitia baiti ile katika kumbukumbu, akasonga kwa inayofuata, mpaka akamaliza kuingiza programu fupi iliyojua kusoma utepe wa karatasi. Na umeme ukikatika, taabu yote ilianza upya. Paul Allen, aliyekuwa ameiandika lugha ya BASIC ya mashine hiyo pamoja na Bill Gates, alitanabahi akiwa ndani ya ndege, akikaribia Albuquerque kwenda kuionyesha kazi yao, kwamba programu hiyo fupi ya kupakia hawakuiandika, akaitunga kwa kalamu na karatasi kabla ndege haijatua. Miaka sita baadaye, mwezi wa Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, swichi zile zilikuwa zimetoweka: ndani ya chipu isiyofutika mlikuwa na programu iitwayo BIOS, ambayo kazi yake ya mwisho katika kuiamsha mashine ilikuwa kuisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 wala si zaidi, kuiweka mahali maalumu katika kumbukumbu, na kuikabidhi mashine nzima. Ikawa desturi baiti mbili za mwisho za sekta hiyo ziwe 55 na AA, mfano wa muhuri wa kuthibitisha kwamba diski hii ni ya kuwashia.

Katika baiti hizo 512 ndimo Linux ilimoanzia safari yake. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta za aina ya 386, na mwezi uliofuata akaweka hadharani toleo la 0.01. Programu ya kupakia aliiambatisha mwanzoni mwa kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, hata faili la kerneli likawa diski kamili ya kuwashia: ulilinakili juu ya disketi, sekta kwa sekta, ukaitia disketi katika mashine, ukawasha. Jambo la kwanza sekta ile ililolifanya ilipoamka ni kujihamisha yenyewe hadi sehemu nyingine ya kumbukumbu, ili isije ikafunikwa na kerneli ile ile iliyokuwa ikiipakia, mfano wa mtu anayekandika sakafu huku akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Kerneli ikishaamka huuliza swali moja la lazima: nyumba yangu iko wapi? Maana yake, ni diski gani, na ni sehemu ipi ya diski, yenye mfumo wa faili wa mzizi ambamo programu nyingine zote zimo. Jibu la swali hilo liliandikwa ndani ya sekta ile ile ya kwanza, katika baiti ya 508 na ya 509. Mtu ambaye diski yake haikuwa kama ya mtengenezaji alilifungua faili la kerneli kwa programu ya kuhariri namba tupu, akahesabu mpaka mahali hapo, na ikiwa nyumba yake ilikuwa sehemu ya kwanza ya diski ngumu ya kwanza, akaandika 01 na kisha 03. Baadaye ikatungwa amri iitwayo rdev ya kuifanya hesabu hiyo kwa niaba yake, nayo ilijua kwamba baiti mbili zilizotangulia, kuanzia ya 506, hushika namna ya skrini, na kabla yake, kuanzia ya 504, ukubwa wa diski ya kumbukumbu. Mimi huzitafakari zaidi baiti hizi chache kuliko mambo mengi makubwa yaliyofuata. Hapakuwa na faili la mipangilio, hapakuwa na menyu. Kerneli yenyewe ndiyo iliyokuwa sahifa ya mipangilio, na aliyeibadili alikuwa amekishika kiini cha mfumo mzima kiganjani mwake, bila ya kumwomba mtu idhini.

Mwezi wa Februari 1992 Owen Le Blanc, wa kituo cha kompyuta cha Manchester nchini Uingereza, alitoa mkusanyiko wa disketi uliowapunguzia watu taabu ya kuokota vipande vya Linux huku na huko. Lakini disketi ni chombo dhaifu, kivivu na chenye kuharibika upesi, na aliyekuwa na diski ngumu alitaka mashine iamke humo. Mwaka huo huo Werner Almesberger akaanza kuandika LILO, programu ya kupakia Linux, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo bawabu wa karibu kila mashine ya Linux duniani. LILO ilikuwa na akili ya namna ya pekee: haikujua faili ni nini wala folda ni nini. Amri ya lilo, iliyotumiwa mfumo ukiwa macho, ililisoma faili la /etc/lilo.conf, ikachora ramani ya mahali hasa katika diski ambapo kila kipande cha kerneli kimelala, ikaiweka ramani hiyo pembeni. Na siku ya pili mashine ilipowashwa, bawabu aliifuata ramani hatua kwa hatua, kama kipofu anayehesabu nyayo kutoka kisimani hadi nyumbani. Mtu akibadilisha kerneli na kusahau kuitumia amri ile tena, ramani iliongoza mahali pasipo na kitu.

Herufi nne za jina lake zilikuwa na kazi. Kila hatua ya kuamka ilipotimia LILO iliandika herufi moja, na aliyeziona zote nne alijua kwamba njia ni salama. L peke yake, au LI, au LIL, kila moja ilikuwa na tafsiri yake, na fundi mzoefu aliisoma kama tabibu asomavyo mapigo ya mshipa. Mimi mwenyewe niliwahi kuketi usiku mzima mbele ya skrini nyeusi yenye LI na kialamishi kisichosogea, mashine ikiwa na kazi za watu ndani yake, na hata leo nikiziona herufi hizo mbili zimeandikwa popote moyo wangu hushtuka. Fauka ya hayo, BIOS za zama hizo hazikuweza kufika mbali katika diski, zikikomea silinda ya 1024, na kwa hiyo watu wakajenga desturi ya kutenga sehemu ndogo mwanzoni mwa diski kwa ajili ya kerneli peke yake, wakaiita /boot. Kizuizi kile kimekufa zamani, lakini desturi imebaki, na wengi wanaoitenga sehemu hiyo hawajui ni kaburi la nini.

Jambo kubwa zaidi ambalo LILO ililileta ni mstari wa maneno. Kabla kerneli haijapakiwa, bawabu alisimama kidogo akiuliza, na mtu aliweza kuandika root= na jina la sehemu ya diski, au neno single akitaka mfumo uamke kwa mtumiaji mmoja wa matengenezo, na maneno hayo yalipelekwa kwa kerneli kama barua inayokabidhiwa nahodha kabla ya kung'oa nanga. Baiti ya 508 ikapata mrithi anayesomeka kwa macho ya mtu.

Hata hivyo kulikuwa na fundo ambalo mstari wa maneno haukuweza kulifungua. Kerneli haiwezi kuisoma diski pasipo kiendeshi cha kifaa kinachoishikilia diski hiyo, na aina za vifaa zilikuwa zikiongezeka kila mwezi. Kuvitia viendeshi vyote ndani ya kerneli moja kungeifanya kubwa kupita kiasi. Kuviacha ndani ya diski ni sawa na kulifunga kasha na kuuacha ufunguo wake ndani. Watengenezaji wa Slackware, mmojawapo wa mikusanyiko ya Linux, waliwapa watu disketi nyingi za kuwashia, kila moja na kerneli ya aina fulani ya vifaa, wachague wenyewe. Mwaka 1996 Almesberger, pamoja na Hans Lermen aliyekuwa ameandika Loadlin, programu ya kuianzisha Linux kutoka ndani ya DOS, akapata njia iliyo bora: bawabu asipakie kerneli peke yake, bali apakie pamoja nayo taswira ya diski ndogo, ikae ndani ya kumbukumbu, kerneli iifanye nyumba yake ya muda, itoe humo viendeshi inavyovihitaji, ndipo ihamie nyumba ya kudumu. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, maana wameona jahazi likitia nanga nje kwa kuwa maji ya ufukoni ni haba, na mashua ndogo ikitumwa kuleta watu nchi kavu. Mashua hiyo ndiyo iliyoitwa initrd, na kutoka siku ile neno la taswira ya kuwashia likapata maana mpya: si kerneli tu, bali ni ulimwengu mdogo kamili wenye folda zake, amri zake na hati zake, ambao mwenye mashine anaweza kuufungua, akaongeza na kupunguza, akaufunga tena.

Ulimwengu huo mdogo ulihitaji amri ndogo, na kwa bahati njema zilikuwa zimeanza kutengenezwa. Bruce Perens, akishughulika na mkusanyiko wa Linux uitwao Debian mwaka 1995, alitaka disketi moja tu ya megabaiti 1.44 iweze kuwasha mashine, kuiokoa ikiharibika na kuutia mfumo mpya. Amri za kawaida za Unix zilikuwa nene mno kuingia humo, naye akaziunganisha nyingi katika programu moja iitwayo BusyBox, ambayo hutazama imeitwa kwa jina gani, kisha hufanya kazi ya jina hilo. Toleo la 2.6 la kerneli lilipotoka mwezi wa Desemba 2003, taswira ya diski ikaachiwa nafasi na bunda la cpio, namna ya kale ya Unix ya kufunga faili pamoja, na mashua ikaitwa initramfs. Kerneli hulifungua bunda hilo ndani ya kumbukumbu, hutafuta faili liitwalo init, na kulitii. Faili hilo laweza kuwa hati ya mistari kumi iliyoandikwa kwa mkono. Sijui sehemu nyingine ya mashine ya kisasa ambamo mtu asiye mhandisi anaweza kusimama karibu hivi na mwanzo wa kila kitu.

Habari za GRUB, bawabu aliyeirithi LILO, nitazipitia kwa haraka, si kwa kuidharau. Erich Boleyn aliianza mwaka 1995 akijaribu kuuamsha mfumo wa Hurd wa GNU; mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji wakaipokea ikawa mali rasmi ya GNU; na toleo la 2.00 likatimia mwaka 2012. Fadhila yake kuu kwa mtu wa kawaida ni kwamba yeye ni bawabu mwenye macho: anaujua mfumo wa faili, hulitafuta faili la kerneli kwa jina lake, na ukikosea mpangilio hukuruhusu kuuhariri pale pale mlangoni na kuendelea na safari. Wale walioonja uchungu wa LI waliipokea kama rehema.

Sasa nafika kwenye sura ninayoipenda kuliko zote. Klaus Knopper, wa Ujerumani, alitoa mwaka 2000 diski ya CD aliyoiita Knoppix, ambayo ilimwezesha mtu kuwasha Linux nzima, yenye madirisha na programu za ofisi, pasipo kuandika hata baiti moja katika diski ya mashine. Hila iliyoiwezesha CD kuwasha kompyuta ilikuwa imetungwa mwaka 1995 na wahandisi wa Phoenix na IBM, nayo ilikuwa ya kustaajabisha kwa unyenyekevu wake: CD ilijifanya kuwa disketi. BIOS ilidhani inasoma disketi ya megabaiti 1.44, kumbe inasoma taswira ya disketi iliyofichwa ndani ya CD. Humo mlikuwa na kerneli na mashua yake, na mashua ikishaamka iliitafuta CD, ikalifungua faili moja kubwa lililobanwa, lenye takriban gigabaiti 2 za programu zilizopunguzwa mpaka kuenea katika megabaiti 700, ikazifungua kidogo kidogo kwa kadiri zilivyohitajiwa. Mpaka siku ile kuwashwa kwa mashine kulitegemea mtu kuifahamu mashine yake. Knoppix iligeuza jambo, ikawa taswira ndiyo inayoichunguza mashine, ikitambua kadi ya picha, ya sauti na ya mtandao, pasipo kumuuliza mtu.

Na mara watu wakaanza kuirekebisha. Ulihitaji diski yenye takriban gigabaiti 3 za nafasi, subira, na ujuzi wa amri moja iitwayo chroot, ambayo huifanya folda iwe ndio ulimwengu mzima wa aliye ndani yake. Ulinakili yaliyomo katika CD hadi ndani ya folda, ukaingia kwa chroot, ukaziondoa programu usizozitaka, ukaongeza zako, ukabadili lugha, kibodi na ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, ukatoka, ukaubana ulimwengu ule upya, ukautengeneza kuwa taswira ya CD na kuichoma. Walimu walitengeneza CD za kufundishia, mafundi wakatengeneza za kuokoa data, na kila moja ilikuwa mfumo kamili wenye sura ya aliyeitengeneza. Ilipofika mwaka 2005, toleo la 3.8 la Knoppix likaleta njia ya kutandaza safu inayoandikika juu ya CD isiyoandikika, hata mtu akaweza kutia programu mpya mfumo ukiwa macho, na CD isijue. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuwa ikipeleka CD za Linux ya Ubuntu bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ukaitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Aliyekuwa na hivyo viwili mkononi, na kompyuta moja yenye kichomea CD, hakuhitaji intaneti wala idhini ya mtu kuitengenezea shule yake diski inayoamka ikizungumza lugha ya wanafunzi. Uwezo huo ulikuwa mkubwa kuliko wengi wetu tulivyoufahamu wakati ule.

Yafaa pia kusema juu ya picha, maana neno taswira lina maana mbili, na watu hawakuridhika kuibadili ile ya ndani wakaiacha ile ya machoni. Larry Ewing alimchora pengwini wa Linux mwaka 1996, na mara pengwini huyo akaingia ndani ya kerneli yenyewe, akiwa na upana wa nukta 80 na urefu wa 80, na rangi zisizozidi 224, akasimama juu ya skrini mashine ilipoamka, pengwini mmoja kwa kila prosesa; aliyetaka kumweka mwingine mahali pake alibadilisha faili la picha na kuijenga kerneli nzima upya. Programu ya ISOLINUX, iliyoziwasha CD nyingi, ilikubali picha ya rangi 16 tu, na mafundi wa nakshi walitumia saa nyingi kuipunguza picha ya rangi elfu mpaka ikakubali kuenea katika uchache huo bila ya kupoteza uso wake. Mwaka 2008 mkusanyiko wa Linux wa Fedora ulileta Plymouth, ambayo huonyesha picha inayosogea tangu sekunde za awali kabisa za kuamka, na ili iwahi kufanya hivyo picha zake hazina budi kukaa ndani ya mashua, ndani ya initramfs. Hapo likajitokeza kosa lile lile la zama za LILO kwa vazi jipya: mtu hubadili picha, akawasha, akaona ile ya zamani, akabadili tena, akaona ile ile, mpaka ajue kwamba kinachoamka si faili aliloligusa bali ni nakala iliyofungwa bundani siku zilizopita, na kwamba lazima alifunge bunda upya kwa update-initramfs au kwa dracut. Mimi niliweka picha ya majahazi ya Forodhani kwenye mashine yangu, na ilinichukua jioni mbili kulielewa jambo hilo. Lakini asubuhi ilipoamka na matanga yale, nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba mashine ni yangu.

Mipangilio ya mfumo nayo ina usahaulifu huu huu. Linux huonyesha viungo vyake vya ndani kama faili katika folda ya /proc/sys, faili ambazo hazipo katika diski yoyote: ukiandika 1 ndani ya lile la net/ipv4/ip_forward, kompyuta huanza papo hapo kupitisha data za watu wengine kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na ukiizima, husahau kwamba iliwahi kuifanya kazi hiyo. Ndiyo sababu kukawa na faili la /etc/sysctl.conf, wasia unaosomwa kila mashine inapoamka. Nani ausome wasia huo, na kwa utaratibu gani, ni jambo lililogawanya ndugu. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa ya init ya namna ya System V, ikitekeleza hati moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa namba zao. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walileta systemd, inayoanzisha huduma nyingi kwa pamoja na kuzisimamia baada ya kuzianzisha. Debian ikaikubali mwaka 2014 baada ya hoja ndefu na maneno makali, na baadhi ya watu wakajitenga wakaunda Devuan. Nadhani ukali ule ulitokana na mapenzi: watu walikuwa wakigombania sekunde zile zile.

Lakini mgogoro mzito zaidi ulitoka nje. Kompyuta mpya zilikuwa zimeiacha BIOS na kutumia mrithi wake, UEFI, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba kompyuta zitakazouzwa na alama ya Windows 8 zitakuwa na ulinzi wa kuwasha: mashine isikubali kuamsha programu yoyote isiyotiwa sahihi na ufunguo inaoujua, na ufunguo utakaojulikana kila mahali ni wa Microsoft. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, maana wadudu waharibifu waliokuwa wakijificha katika sekta ya kwanza walikuwa wa kweli. Lakini Matthew Garrett, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Red Hat, alionya kwamba mlango unaomzuia mwizi huweza kumzuia pia mwenye nyumba. Microsoft ilikubali kwamba katika kompyuta za kawaida mwenye mashine aweze kuuzima ulinzi huo au kuweka funguo zake, ingawa katika zile za prosesa za ARM haikuruhusu kuuzima. Suluhu aliyoitengeneza Garrett ilikuwa programu ndogo iitwayo shim, ambayo Microsoft huitia sahihi, nayo humkagua bawabu anayefuata kwa ufunguo wa watengenezaji wa Linux wenyewe. Fedora ililipa dola 99 kupata njia ya sahihi hiyo, na toleo lake la 18, la Januari 2013, likaamka kwa utaratibu huo. Watu wa SUSE, mkusanyiko mwingine wa Linux, waliongeza wazo ambalo kwangu ndilo lililookoa heshima ya jambo zima: ufunguo wa mwenye mashine. Mtu hutengeneza ufunguo wake, akaupendekeza kwa amri ya mokutil pamoja na neno la siri, kisha akawasha upya. Na kabla ya mfumo wowote kuamka hutokea skrini ya buluu inayomngoja kwa sekunde 10 abonyeze kitufe na kulirudia neno lile. Programu haramu iliyotumwa kutoka mbali haiwezi kubonyeza kitufe.

Mwezi wa Julai 2020 ikabainika kwamba ulinzi huo ulikuwa na ufa mahali pasipotarajiwa: kerneli ilikuwa na sahihi, bawabu alikuwa na sahihi, lakini faili la mipangilio la GRUB, maandishi matupu ambayo kila mtu huyahariri, halikuwa nayo, na aliyejua kuliandika kwa hila aliweza kumghilibu bawabu akatekeleza asiyoyakusudia. Kosa lilirekebishwa, lakini lilitia nguvu njia iliyokuwa ikijengwa na watu wa systemd, ya kuiunganisha kerneli, mashua yake na mstari wake wa maneno kuwa faili moja lenye sahihi moja, na hata picha ya kuamkia ikitakiwa. Ndani ya faili hilo kuna sehemu iitwayo .cmdline, na humo huandikwa root= na jina la nyumba, kando ya kerneli kabisa, kama zilivyokuwa zile baiti mbili za mwaka 1991; ila safari hii sahihi imezifunika, na ulinzi ukiwa umewashwa maneno mengine yanayotoka mlangoni hayasikilizwi. Anayetaka kulibadili jibu hulijenga faili upya, akalitia sahihi kwa ufunguo wake mwenyewe, ufunguo ambao mashine iliukubali siku ile alipoketi mbele ya skrini ya buluu, vidole juu ya kibodi, sekunde zikihesabiwa kutoka 10.